Chozi, Leso na Mama Mkwe

Leo nimeaibika vibaya, tena mbele ya mama mkwe.

Mnajua mimi ni Mkenya wa Busia, lakini nilioa huku Tororo, Uganda, nikahamia. Nyuma ya nyumba nina kabustani. Nimepanda mimea ya hapa hapa tu: shubiri niliyoichimba kando ya reli, vichaka vya porini vyenye maua ya rangi ya chungwa, nyasi ndefu za vipepeo. Waridi sitaki. Nataka ndege. (Majirani wanaita magugu.)

Asubuhi mke wangu, Athieno, alienda sokoni. Mama yake alisema atafika jioni kutoka kijijini kwake, Paya. Nikatoka kuoga, nimejifunga leso ya Athieno kiunoni, nikaona shubiri imechanua. Nikajilaza nyasini kidogo tu.

Wacheni niwaambie, dunia ilinyamaza. Jua lilipenya majani likanifikia usoni likiwa kijani. Mwamba wa Tororo ulikuwa kwenye ukungu, kama unaelea. Kisha akaja chozi, kale kandege kanakong'aa kama mafuta juu ya maji. Akafyonza ua moja, akafyonza la pili, akatua kwenye kidole changu cha mguu. Nikaacha hata kupumua.

Hapo nikasikia, "Mkwe?"

Mama mkwe. Jioni yake imekuja asubuhi.

Sasa umekutwa kifua wazi, ndani ya leso ya binti yake, utasema nini? Nikafumba macho nijifanye nimelala, aone haya aondoke. (Akili zangu hizo.)

Hakuondoka. Aliita tena, nikazidi kufumba macho. Akapiga yowe lililofika barabarani. "Mkwe yangu imekufa! Mtoto muzuri, ilikuwa naletea mimi sukari!"

Nikaona kuamka sasa kutakuwa vibaya zaidi.

Jirani yetu Owora akaja mbio, na watu nyuma yake. "Hii ni nyoka," akasema. "Mimi nilimwambia afyeke hii magugu, yeye nataka ndege. Lete panga tutafute."

Panga likalia. Shubiri ya kwanza ikaanguka karibu na sikio langu.

Nikaketi wima. "Owora, usikate hiyo. Ndiyo kwanza imetoa maua."

Walikimbia wote, Owora mbele. Nikainuka nimfuate mama mkwe nimweleze, leso ikanaswa na miba ya shubiri, ikabaki huko. Mama mkwe akageuka kuangalia kama maiti inamfuata. Aligeuka mara moja tu. Ilitosha.

Sasa hivi yuko kwa Owora anakunywa chai. Amemtuma Athieno, aliyerudi kutoka sokoni, aniambie harudi hapa mpaka "ile mtu avae suruali". Athieno ameshindwa kumaliza ujumbe kwa kucheka.

Nyinyi msinicheke, jamani. Mimi angalau nimeshajua mama mkwe atanililia. Wenzangu bado mnabahatisha.