Pumzi ya Anuar Inakwenda Maputo

Jumanne, 2 Septemba
Pumzi ya mwanangu inakwenda Maputo! Kwa ndege! Haya, sasa bismillahi.

Rosália, nesi aliyeletwa hapa Msimbwa kutoka Nampula, kaja nyumbani mwenyewe. Kuna utafiti, kasema. Mtu anapuliza kwenye mfuko, mashine inaipima ile pumzi, na huenda siku moja itawasaidia madaktari kutambua maradhi ya akili. Bado wanajaribu. Wanataka pumzi za wanaoumwa. Nikamwambia Anuar haumwi, kachoka tu. Kweli, tangu turudi kutoka ukimbizini hasemi, halali, anatazama ukuta. Uchovu! Lakini Maputo ni Maputo. Nikakubali. Anuar mwenyewe akaitikia kwa kichwa.

Nikaenda kwa jirani yangu Yasmin. Binti yake Laila namtaka awe mke wa Anuar. Nikamwambia kijana kachaguliwa na wakubwa. Kauliza kachaguliwa kwa kipi. Nikasema mambo ya sayansi. Mwanawe yeye ni dereva tu, kule kwenye gesi ya Afungi.

Alhamisi, 4 Septemba
Rosália kaacha mfuko, Anuar apulize alfajiri. Masharti: asile kitu, asipige mswaki. Astaghfirullah! Aende Maputo na kinywa cha usingizi? Mwana wa nani huyo? Nikamtafunisha karafuu na iliki. Nikamwinamisha juu ya chetezo cha udi mpaka akakohoa. Mfuko nao nikaufukiza. Ukanukia kama bibi harusi!

Ijumaa, 5 Septemba
Aibu. Rosália karudi. Maputo wamempigia simu: mashine imekuta udi mtupu. Aliniomba tuzungumze pembeni, maana Yasmin alikuwa barazani kwangu anachagua mchele. Nikasema sina la kuficha, sema hapa hapa! Kasema kwa kuzungukazunguka kidogo, kwa adabu, lakini Yasmin ana masikio.
"Kumbe, dada, sayansi yenyewe ya wagonjwa?"
Nikacheka kwa nguvu. Hakuna aliyecheka nami. Rosália kaacha mfuko mwingine.

Jumapili, 7 Septemba
Nimepata dawa ya Yasmin. Nimepuliza mimi! Akili yangu nzima, mtaa wote unajua. Mashine ikisema hakuna kitu, nitamsomea Yasmin majibu mlangoni kwake. Anuar alikuwa amekaa pale pale. Sikudhani kama ananiona.

Jumatatu, 8 Septemba
Sijui niandike vipi. Rosália kaja kuchukua mfuko. Nilipoanza tu kuusifu, Anuar kasema! Sauti imekauka, lakini kasema.
"Dada, hiyo si yangu. Kapuliza mama."
Kisha kanigeukia. "Mama, mimi naumwa. Waache wajue."

Nilitamani sakafu inimeze. Mwanangu nimemficha kama kanga iliyochanika, na yeye muda wote alikuwa anataka kutibiwa. Rosália hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kasema mashine si mganga, bado inajifunza. Matibabu yenyewe ni kuzungumza na daktari, na dawa ikihitajika. Anuar kapuliza, na kinywa chake kile kile cha usingizi. Nikaenda kulia jikoni. Nimeapa: sijivuni tena. Mambo ya mwanangu ni yake.

Jumanne, 9 Septemba
Daktari wa akili anakuja! Kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu! Mpaka hapa nyumbani, kwa ajili ya Anuar! Nani mwingine mtaa huu kafuatwa na daktari?

Rosália kasisitiza: mazungumzo ya watu wawili, faragha, polepole. Nimeelewa kabisa. Ndiyo maana nimemwambia Yasmin peke yake. Na Laila, maana ni kama wa nyumbani. Na wenzangu wa maulidi, wamwombee dua. Na wauza samaki wa bandarini, wasije wakasikia kwa watu. Majamvi nimeazima. Pilau napika mimi. Daktari nitamweka katikati na Anuar, ili hata wa nyuma wasikie.

Anuar kauliza majamvi yote haya ya nini. Nikamwambia ya faragha.

Jumamosi, tarehe 13, baada ya adhuhuri. Waje wote.