Fransisko wa Asizi na Mtamba Wangu

Buswahili, Butiama

Ndugu Mhariri wa jarida la parokia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Apolinary Makongoro, mfugaji na msomaji wenu mwaminifu, nalalamikia habari mliyochapa ya jinsi Fransisko wa Asizi alivyoanzisha, miaka mia nane iliyopita, shirika la Ndugu Wadogo, watawa wasiomiliki kitu na wanaoishi kwa kuombaomba. Mwanangu Gody ameisoma.

1. Mliandika kwamba Fransisko aliuza vitambaa vya baba yake tajiri ili akarabati kanisa. Hamkuweka onyo lolote. Wiki hiyohiyo Gody alifungua zizi, akamswaga mtamba niliyemtenga kwa mahari yake yeye mwenyewe, akampelekea mjane Dorotea, ambaye ng'ombe wake waliisha kwa ugonjwa.

2. Nilimshitaki kwa paroko, kama baba wa Fransisko alivyomshitaki mwanawe kwa askofu. Gody akavua shati, akavua na suruali, akanikabidhi mbele ya kwaya ya akina mama iliyokuwa mazoezini. Akasema, "Baba, hata hizi ulininunuliaga wewe. Chukua. Kuanzia leo baba yangu ni wa mbinguni." Paroko akamfunika kwa kitambaa cha meza. Kosa ni lenu: kisa cha Fransisko kumvulia baba yake nguo mbele ya askofu mlikiweka ukurasa wa pili, nami nilikuwa sijafika.

3. Hili ndilo zito. Papa aliyewaruhusu watawa hao mmemtaja. Askofu mmemtaja. Hata ndege waliohubiriwa mmewataja! Baba mtu je, alikwenda wapi? Jioni ile alikula nini, na nani? Mke wangu Robi huniambia, "Kula, ugali unapoa," nami natazama kiti kitupu cha Gody.

Kwa hiyo naomba mchape historia ya akina baba, yenye urefu uleule. Pia habari za watakatifu ziwekwe mahali ambapo vijana wanaokaribia kuoa hawafiki. Na Fransisko atangazwe mwizi wa vitambaa, bila kuathiri utakatifu wake.

Nisalimieni paroko, mpiga kinanda, na kwaya nzima ya akina mama, ambao nawasihi wasahau.

Ni mimi, baba mtu,
Apolinary Makongoro

Nyongeza: Barua hii msiichapishe. Jana nilikuwa sokoni Mwigobero, nikamkuta Gody akiwaomba wachuuzi dagaa kwa ajili ya wagonjwa. Mama mmoja akauliza, "Huyu kijana ni wa nani?" Gody akakinga kikapu tu. Nikajikuta nimepaza sauti, soko zima likageuka: "Ni wangu! Mjazie."