Miwani ya Paskazia Chini ya Maji

Jumatatu, 14 Agosti 1995
Nimeibuka na mtungi wa hewa mtupu. Nusura nife kwenye mdomo wa bomba la kiwanda linalovuta maji ziwani, mimi niliyezamia miaka kumi na tisa! Geji ya hewa ilisema thelathini, nikaona themanini. Macho ya karibu yamekwisha. Venant, mzamiaji mwenzangu, kakimbia kumwambia Faisal, mwenye kiwanda. Hata mtungi hajavua. Faisal kasema Ijumaa atatundika kibati chenye namba ndogo kule chini. Nisipoisoma, nahamia chumba cha minofu kuchuna sangara, na Venant anakuwa mkuu wa wazamiaji. Mshenzi.

Jumatano, 16 Agosti
Nimekwenda Nyakato kwa daktari wa macho. Kasema ni umri. Kacheka! Eti wazamiaji wa Ulaya hubandika vipande vya lenzi ndani ya kioo cha kuzamia, upande wa chini, pale jicho linapotazama geji. Nikatoa miwani ya kusomea ya marehemu mke wangu, Paskazia. Iko mfukoni mwangu tangu tulipomzika Machi. Kaipima: nguvu ileile ninayohitaji. Kasema mara mbili: ndani.

Huyu hajawahi kuzamia. Ndani ndiko tunakotema mate na kusugua, kioo kisishike ukungu. Niitemee mate miwani ya Paskazia? Alichagulia mchele miwani hii. Alinisomea nayo barua za binti yetu Winnie, akiruka sehemu za kunikasirisha. Nimezibandika lenzi nje, kwa gundi ya fundi viatu. Akili hiyo!

Alhamisi, 17 Agosti
Nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, kioo usoni, nikasoma kiberiti chote. Hata maandishi madogo. Jirani Odeta kaita wanawe waje kunitazama. Watazame. Venant kapita, kauliza kama nimejaribu majini. Nikamjibu kwamba hakuna anayesoma kiberiti majini. Wivu unamla.

Ijumaa, 18 Agosti
Nina hasira. Maji yalipogusa lenzi, nguvu yake ikaisha. Vioo vya dirisha tu! Kibati ukungu mtupu. Nikabahatisha. Nikaibuka, nikatangaza mia nne kumi na saba kama mtu mwenye uhakika. Faisal kafunua karatasi yake: mia tisa sitini na mbili. Wachuna minofu wote wamecheka, mwenzao Modesta kuwashinda wote.

Nikapapasa kioo. Lenzi ya kushoto haipo.

Nikakaa kwenye gati. Venant kavaa mtungi bila kuombwa. Kakaa chini dakika ishirini. Karudi na tope hadi masikioni, kaniwekea lenzi kiganjani.

"Shika, babu. Ya marehemu hii. Sasa ibandike ndani."

Babu! Na ananizidi miaka miwili. Halafu kamwomba Faisal anipe hadi Jumatatu. Nani kamtuma?

Jumamosi, 19 Agosti
Nimeosha lenzi kwa sabuni, nikaifuta kwa kanga ya bluu ya Paskazia. Nimefikiri asubuhi nzima. Kosa ni gundi. Fundi viatu kanipa ya ndala. Leo nimepata ya kuzibia mitumbwi. Lenzi zote mbili zimeshika imara, nje. Odeta naye kauliza kwa nini si ndani. Nikamweleza habari ya mate. Kanitazama, karudi kwenye sufuria yake.

Jumatatu Venant ataona. Nimejaribu tena pale juu ya jiwe. Kiberiti kinasomeka chote.