Konokono Asiyetoa Mahari

Kalama, Machakos
Agosti 2003

Kwa Daktari Waithira,
Mkuu wa Utafiti wa Konokono wa Maji Baridi,
Machakos Mjini.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: TABIA ZA KONOKONO WAKO NA NDOA YA BINTI YANGU

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Kaloki, baba yake Mwikali, yule msichana uliyemwajiri baada ya Kidato cha Nne awe akiwachotea konokono katika bwawa letu, ili mjue ni yupi anayebeba kichocho. Nilikubali kwa moyo mweupe. Nilidhani konokono hawezi kumharibu mtu, maana ni mnyama wa polepole. Nilikosea, na sasa nina malalamiko yafuatayo.

1. Mmemfundisha kutazama kila kitu mdomo. Hushika gamba, ncha ikiwa juu, tundu likimwelekea. Tundu likiwa kushoto, huyo ni mshukiwa wa kichocho. Likiwa kulia, ni wa ukoo mwingine. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini siku hizi hata mgeni akija, Mwikali humtazama vivyo hivyo, kimya, kichwa kikiwa upande. Mchungaji ameacha kuja kunywa chai kwetu.

2. Mnahamisha koo za watu. Mwikali anasema kuna konokono aliyekuwa wa ukoo fulani miaka na miaka, kisha wataalamu wakamchungulia ndani ya tumbo na kumpeleka ukoo mwingine. Je, wazee wa ukoo wa kwanza waliulizwa? Kwetu Ukambani jambo kama hilo lingekaliwa kikao mpaka ng'ombe warudi kutoka malishoni, na mtu angechinja. Nyinyi mmetumia darubini tu.

3. Hili ndilo lililonitoa machozi. Kisilu, kijana mpole mwenye duka la misumari na mabati pale mjini, alileta mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu Wakamba ndio huonyesha kwamba posa imekuwa posa. Wazee wakaketi. Msemaji wao, Mzee Maundu, akamwuliza Mwikali kama ameridhia, akaongeza kwamba hakuna kiumbe wa kike anayeweza kukaa bila mume. Daktari, binti yangu alisimama mbele ya watu wazima akajibu: "Mzee, kwa heshima, konokono wa hapa kwa bwawa ni mume na ni mke, mwili mmoja. Ukimweka pekee yake kwa mkebe atataga, na mayai yataanguliwa. Na hakuna mtu amemletea mbuzi."

Mzee Maundu alipaliwa na uji. Mke wangu Kamanthe alikimbilia jikoni, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

4. Maundu, ambaye ni mtu wa subira, aliuliza kama angalau kuna konokono wenye adabu. Hapo Mwikali akamweleza habari za wale wembamba kama parafujo, ambao karibu wote ni majike na huzaa bila kumwona dume. Wageni waliondoka kabla ya nyama kuiva. Mbuzi wakabaki uani kwangu, wakisubiri uamuzi.

Sasa anasema atakwenda chuo kikuu kusomea konokono, na habari ya mume itafuata, au isifuate. Mimi nazeeka, Daktari. Naogopa kufa nikimwacha peke yake na mtungi wa konokono. Hofu hiyo ndiyo inayoandika barua hii.

Kwa hivyo naomba konokono wote wa Kalama watangazwe rasmi kuwa dume au jike, na tangazo libandikwe ofisini kwa chifu. Wakikataa kuchagua, bwawa lijengwe ukuta katikati, madume wakae juu na majike chini, na atakayetaka kuvuka aje na mbuzi. Hadi hapo, Mwikali aachishwe kazi mara moja, arudi nyumbani awe kama watu.

Nisalimie wasaidizi wako wote, na dereva wenu anayependa maziwa yetu. Wasalimie hata konokono walioko maabara, kwa sababu hawakuomba kuzaliwa hivyo.

Ni mimi katika masikitiko,
Kaloki
(Baba tu, si mama)

Tanbihi: Anayekuletea barua hii ni Mwikali mwenyewe, na hajui nilichoandika. Tafadhali usimwachishe kazi leo, wala kesho. Ndani ya kiberiti alichobeba, kwenye pamba yenye unyevu, yumo konokono niliyemtoa mferejini nikiwa nimevaa gamboti, kama alivyoniamrisha. Tundu liko kulia, lakini gamba lina mistari ambayo haimo katika kitabu chenu cha konokono mlichompa Mwikali, na kitabu hicho nimekisoma chote nikitafuta makosa. Nasikia kwamba akiwa hajulikani bado, aliyemwokota huruhusiwa kumpa jina. Basi aitwe Mwikali. Mbuzi nimewarudisha kwa wenyewe.