Chumba cha Mbele

Jumatano, 12 Agosti

Tumefika Roccascura. Joto la kuua. Mama mkwe, Signora Armida, ametupa tena chumba cha nyuma. Kila Agosti hicho hicho! Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kitanda kimeegemea ukuta wa jikoni, na mama mkwe huanza kukaanga vitunguu kabla hata jogoo hawajawika. Mke wangu Ornella ananukia vitunguu likizo nzima.

Chumba cha mbele, chenye roshani inayotazama bahari, ni cha shemeji Tullio. Sababu? Alipokuwa mtoto alikuwa na kifua. Leo ana kitambi na upara, lakini kifua bado eti kinataka upepo. Ndiye kitinda mimba. Mama yake humpigia pasi hadi kaptura ya kuogelea!

Usiku Ornella alilia kidogo. Nikamwapia kwa marehemu mama yangu kwamba safari hii atalala akisikia mawimbi. Sijui jinsi. Lakini nimeshaapa.

Alhamisi, 13 Agosti

Mezani niligusia habari ya chumba. Tullio akakohoa papo hapo. Nikamwambia kikohozi hicho nakifahamu, hata mwaka jana kilianzia mezani hapa hapa. Kelele! Mama mkwe akagonga meza kwa mwiko. Akasema tumemchosha, watu wazima kugombea kitanda. Jumamosi ni Ferragosto, sikukuu ya katikati ya Agosti, tutatembea njia ya pwani hadi Portolembo kama kila mwaka, taratibu, kwa raha zetu. Atakayetangulia kufika ufukweni ndiye atakayechagua chumba. Na asisikie tena neno hilo hadi Krismasi.

Taratibu, kwa raha zetu! Tullio alishatoka mbio kutafuta fimbo zake za kupandia milima.

Alasiri nilimwokoa maisha, na hakushukuru. Alikula pichi, kisha akataka kuingia baharini! Nikamshika mkono. Akadai pichi ni tunda tu, halihesabiki. Nikamwambia tumbo halijui matunda wala nyama, ukila unasubiri masaa matatu ndipo uguse maji, la sivyo unazama, basi. Nikamkumbusha binamu wa baba yangu, aliyekula lasanya akaingia majini kule Rimini. Hakuonekana tena. Ornella akadakia kwamba huyo alitorokea Ubelgiji na mwanamke wa duka la kofia. Hivyo ndivyo familia inavyoficha msiba.

Mama mkwe aliniunga mkono. Mara ya kwanza tangu harusi.

Ijumaa, 14 Agosti

Mazoezi. Nilipanda ngazi za kanisani. Nusu yake. Magoti yakakataa. Nikakaa kivulini nikifikiri, na kwa chini nikaiona boti ya Portolembo ikizunguka rasi, watu wamekaa, upepo unawapeperusha.

Njia ya pwani inapanda mashamba ya mizabibu hadi juu, ndipo ishuke. Boti haipandi popote.

Mama mkwe alisema tutatembea. Vizuri. Nitatembea hadi gatini.

Jumamosi, 15 Agosti. Ferragosto

Naandika kabla ya kulala. Ni kwenye chumba kipi, nitasema.

Tulianza pamoja baada ya kahawa. Mama mkwe na kikapu cha chakula, mgongo wima. Tullio na fimbo zake. Mimi nikachomoka mbele mbio, hata Ornella akanipigia makofi. Kona ya kwanza nikapita vizuri. Ya pili nikakata kushoto, nikashuka ngazi kwa kasi mpaka kofia ikaniruka. Nikaiacha. Nikazima simu, kama mtu mwenye akili. Boti!

Portolembo nilifika nikiwa mkavu, wa kwanza, na mwenye njaa. Mgahawa ulikuwa wazi. Nani angejua? Dagaa wa kukaanga. Tambi kwa mchuzi wa pesto. Keki ya limau. Kisha nikaenda bombani nikalowesha shati, nikajipaka vumbi miguuni, nikajibwaga ufukweni nikitweta.

Punde akatokea Tullio, mwekundu kama nyanya, mama yake nyuma yake hajatoka hata jasho. Tullio aliponiona fimbo zikamponyoka. Nikapumua kwa shida, nikasema nina njaa ya kufa, tangu kahawa sijatia kitu mdomoni. Neno zuri sana hilo, niliwaza.

Ornella alifika wa mwisho, macho mekundu, mguu umechubuka, kofia yangu mkononi. Alinitazama kwa muda mrefu. Furaha, nikadhani.

Mama mkwe akatangaza kwamba Ettore, yaani mimi, ameshinda kwa haki, chumba ni changu. Nikambusu mikono yote miwili! Kisha akafunika kikapu kwa kitambaa akasema kila mtu aingie baharini kwanza, ndipo tule. Mshindi atangulie.

Nikabaki nimesimama.

Bahari ilikuwa shwari. Maji mpaka magotini tu yangetosha. Hatua chache, na chumba kingekuwa chetu. Lakini tumboni nilikuwa na dagaa, tambi na keki. Nikamwona binamu wa baba yangu akizama na lasanya yake.

Nikasema nasikia baridi. Kwa jua lile la utosi! Tullio akacheka: "Shemeji, si ulikuwa unakufa kwa joto sasa hivi?" Nikasema nimeshtua shingo. Mama mkwe hakucheka. Akanisogelea, akanitazama tumbo, kisha uso.

"Mkwe, umekula."

Nikavuta shati lifunike tumbo.

"Umekula nini?"

"Dagaa, Mama."

"Tu?"

"Na tambi."

"Na?"

"Na keki ya limau."

Njiani hakuna anayeuza hata kipande cha mkate, na kila mtu anajua hivyo. Habari ya boti hakuniuliza. Aliniuliza kama pesto yao ilikuwa na vitunguu saumu vya kutosha. Kisha akamgeukia Tullio akamwambia chumba ni chake. Nimeumbuka mbele ya ufukwe mzima, na kikapu kilipofunguliwa nikapewa maji.

Naandika haya chumba cha nyuma.

Jumapili, 16 Agosti

Vitunguu.

Tullio amenisalimu kutoka roshanini: upepo huku mtamu, shemeji, hata kikohozi kimekata!

Ornella amefungua mdomo leo. Jana alikuwa anaongoza. Tullio alikuwa amesimama nyuma sana, mama yake akimpaka mafuta ya jua mgongoni. Kisha Ornella akaiona kofia yangu ngazini. Akadhani nimeporomoka kwenye majabali. Akapiga simu, imezimwa. Akashuka hadi majini akiniita, akajichubua, akapanda tena analia. Tullio akampita wakati huo. Asingenitafuta, leo angekuwa amelala mbele, akisikia mawimbi.

Amesema hayo, akageukia ukutani. Iliniuma. Iliniuma sana. Nimekaa ukingoni mwa kitanda nikijiuliza ni wapi hasa nilipokosea.

Nimepata! Mwakani sivai kofia. Na nitakula huko huko botini, ile ya alfajiri, masaa matatu yapite kabla hawajafika.