Kiroba Changu Mtumbwini kwa Shemeji

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya baba mkwe. (Si nguo za kweli. Afadhali zingekuwa za kweli.)

Mnamjua Rehema wangu wa Shelui. Nilipoenda kwao kujitambulisha, baba yake aliniuliza nimekulia wapi. Nikasema Utemini, pale Singida Mjini, karibu na ziwa. Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo wangu nao! Nikaongeza kwamba kwetu uvuvi ni jadi. (Ziwani nilikuwa naenda kupiga picha.) Mzee akafurahi kweli. "Basi mwanangu, nataka kula samaki wa mkono wako. Ukishanilisha, tutaongea habari za uchumba."

Ndiyo maana leo asubuhi nilikuwa mtoni, karibu na pale mto unapoingia Ziwa Kitangiri, ndani ya mtumbwi wa Shabani, kaka yake Rehema. Tunatafuta kambale.

Shabani nilimtilia shaka tangu salamu. Alikuwa mkarimu kupita kiasi. Amenibebea ndoana, amenibebea chambo, amenifutia maji kwenye kiti. Mtu hakujui vizuri, anakufutia kiti cha nini? Kisha akasema, "Shemeji, wewe kaa mbele uufaidi mto. Kiroba chako niachie huku nyuma."

Nyuma kwa nini? Viroba vyetu vyote viwili vilikuwa vya unga, vyeupe, huwezi kuvitofautisha. Nikajisemea, hapa naibiwa.

Kilichonipa moyo ni alama. Wanaovua mtumbwi mmoja kule hukata samaki wao alama, wasije wakagombana wakifika nchi kavu. Shabani wake anawakata pezi la mgongoni. Wangu akaniambia tuwakate ncha ya mkia. Vizuri, nikasema moyoni. Jichanganye tu, alama itakuumbua.

Tukaanza. Nikapata perege, mdogo kama kiganja cha mtoto. Nikapata mwingine, huyo ni mdogo wa huyo wa kwanza. Kisha uzi ukavutwa! Ukavutwa mpaka nikamwita mama yangu! Shabani akaupokea ule uzi, akanitolea ndoana (mimi naogopa miiba), akasema, "Perege tena, shemeji. Alikuwa amenasa kwenye majani."

Majani? Mimi niliusikia uzito ule kwenye mabega! Nikageuka nimwone huyo samaki, tayari keshatumbukizwa kirobani.

Tangu hapo sikuvua tena. Nilikuwa nasikiliza. Nyuma yangu kiroba kinachakarika, nikigeuka, Shabani anatazama mawingu. Kinachakarika tena, nikigeuka, anapiga mluzi.

"Shemeji, unatafuta nini humo?"

"Naweka sawa tu. Wewe tazama mbele, utapindua mtumbwi."

Safari moja niligeuka ghafla, mkono wake bado umo kirobani mpaka kwenye kiwiko. Akatabasamu! Mwizi anatabasamu! Nikanyamaza, maana yeye ndiye aliyeshika kasia na mimi siwezi kuogelea. (Ndiyo, mtoto wa ziwani.) Nikasema ngoja tufike.

Tukafika. Mzee yuko kando ya maji, amekuja na majirani zake wote wanaopenda kambale. Rehema ameshika beseni. Nikaamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, tuone hizo baraka." Shabani akainama, akanyanyua viroba. Mkono wa kulia kiroba kimejaa mpaka kinamvuta bega. Wa kushoto kimenywea, kitupu.

Damu ikanipanda. "Baba, samahani. Kabla hujapokea chochote, mwanao ni mwizi!"

Rehema akatikisa kichwa, ananikonyeza niache. Nikaona, kumbe na yeye anamficha kaka yake! Nikazidi kupaza sauti. "Samaki wangu wamekatwa mikia! Mwaga hicho kiroba kilichojaa, wote waone!"

Shabani akanong'ona, "Shemeji, tuache."

"Hatuachi! Mwaga!"

Akamwaga. Kambale wakateleza kwenye nyasi, wanene, wenye ndevu. Nikapiga magoti, nikachakura mpaka nikawapata perege wangu, mikia imekatwa. Nikawainua juu. "Mnaona? Wangu hawa! Wamefikaje kwenye kiroba chake?"

Mzee akawatazama wale perege. Akawageuza wale kambale, mmoja mmoja. Wote wamekatwa pezi la mgongoni.

"Shabani," akauliza taratibu, "hiki kiroba ni cha nani?"

Shabani akakuna kichwa. "Cha mgeni, baba. Changu ni hiki kitupu. Rehema aliniomba nimsaidie, ndiyo nikawa namhamishia wa kwangu."

Jamani. Jamani! Nilikuwa bado nimewainua wale perege. Jirani mmoja alikaa chini kabisa ili acheke vizuri. Rehema alijifunika uso kwa beseni. Aibu niliyoisikia, ningeambiwa nirudi majini nizame, ningeshukuru.

Mchana kambale wakaungwa kwa nyanya na vitunguu, harufu mpaka barabarani. Mzee akaelekeza kila mtu apewe. Ilipofika zamu yangu akasema, "Mgeni mpeni wa mkono wake." Nikaletewa perege wangu juu ya mlima wa ugali. Nimekula miiba mitupu. Mzee akanawa mikono, akasema kumwita shemeji yako mwizi hadharani kuna faini, nayo ni jogoo. Uchumba tutauongea nikishamlipa Shabani.

"Na huyo jogoo," akanitazama, "asije akawa wa Rehema. Nawajua kuku wote wa humu ndani."

Kwa hiyo hapa nilipo nazunguka Shelui natafuta jogoo. Naomba msinicheke, nina uchungu. Kuna mama mmoja anamsifia sana wa kwake, na tabasamu lake silielewi kabisa.