Daktari wa Majani

Jumatatu, 3 Juni 1996
Kericho. Mvua. Wiki ya saba bila kazi. Mimi, daktari bingwa wa patholojia, na hakuna aliyenipa mkono tangu nihamie hapa! Mama Rebeccah, mwenye nyumba, nikimsalimia husema, "Pole, mkono iko na unga." Hata akitoka kanisani ana unga. Kosa ni langu. Siku ya kwanza aliniuliza natibu nini. Nikamweleza kuhusu darubini, damu, uvimbe, na mara mojamoja maiti. Alisikia maiti tu.

Jirani yangu Weldon ni daktari wa ng'ombe. Mkono wake huingia ndani ya ng'ombe hadi begani, na bado watu wanaushika kwa furaha na kumpa mursik, maziwa ya kibuyu, juu! Mimi nimekula ugali na redio.

Jumanne, 4 Juni
Ushindi! Tangazo gazetini: shamba la chai linatafuta mtaalamu wa patholojia. Mahojiano keshokutwa. Weldon, bila kuulizwa, akasema wanataka wa mimea. Wivu huo! Seli ni seli. Ile hospitali niliyoiomba kazi Aprili haijajibu, na ikae na kiburi chake. Nimemwambia Mama Rebeccah kwamba kuanzia leo mimi ni daktari wa majani. Akatabasamu. Akauliza mbona sikusema mapema.

Jumatano, 5 Juni
Watu saba mlangoni asubuhi! Kumbe hapa daktari wa majani ni wa miti shamba. Mama Rebeccah ametangaza kila mahali. Ningewapa nini? Nimewapa majani ya chai ya jikoni kwangu, wachemshe, wanywe moto. Watu wenye michai hadi mlangoni! Wakashukuru sana. Mama mmoja, Jerusa, alikaa nusu saa akinieleza habari za goti lake. Alipoondoka nyumba ikawa kimya mno. Nilitamani hata lile goti la pili limuume. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 6 Juni
Mahojiano. Meneja alinionyesha mchai ulionyauka upande mmoja, akauliza ningefanya nini. Nikasema hakuna haraka, ufe kwanza ndipo niuchunguze. Wakacheka. Nikacheka nao. Nilipomaliza kucheka mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Ijumaa, 7 Juni
Mama Rebeccah amenipa mkono! Mikono yote miwili! Amenieleza kwamba jana, nikiwa kwenye mahojiano, alikuja tarishi wa hospitali na barua ya kazi, ya daktari wa maiti, ijibiwe leo kabla ya saa sita. Akamfukuza. "Nikamwambia hapa hakuna mtu ya maiti. Huyu yetu ni ya majani."

Huyu yetu! Ilikuwa saa nne. Hospitali ni mwendo wa saa moja tu. Lakini ningelazimika kumwambia ukweli, naye alikuwa bado ameshika mkono wangu. Ulikuwa na joto. Nikasema asante, mama. Saa sita ikapita.

Jumamosi, 8 Juni
Weldon amekutana na yule tarishi, na amemweleza Mama Rebeccah kila kitu. Leo nimemsalimia. Unga.

Sawa. Jumatatu nahamia Bomet. Huko nitakuwa daktari wa meno. Sijui meno, lakini nani amewahi kukataa kumsalimia daktari wa meno?